Ukaguzi wa Watani

Wastaafu wengi huwa na mvi. Mimi nina miaka thelathini na sita na mvi mbili, zote nazisingizia klorini. Daktari wa kifua aliniambia niachane na maji ya klorini ya kuoshea mboga na chumba cha baridi, la sivyo nitapumua kama filimbi maisha yangu yote. Nikamwomba ushahidi. Akanipa kifaa nikapuliza, akanionyesha namba iliyotoka na ile iliyotakiwa kutoka. Sikuuliza tena. Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa kabati la vipuri, na vijana waliobaki bandani wakaniita mstaafu mtoto. Waliniomba niwaandikie ninayoyakumbuka kabla sijahamia Ipole kwa wazazi wangu kufuga nyuki. Haya ndiyo. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana hivyo mnavijua na vinachosha.

Banda letu la kufungasha mboga hapa Tabora lilikuwa godauni la tumbaku. Mvua ikinyesha, kuta bado zinanuka jani. Siku ya kwanza niliingia na shahada ya uhandisi wa kilimo, daftari jipya, na maswali ambayo niliamini hayajawahi kuulizwa na mtu. Aliyenipokea ni Mama Kulwa, msimamizi wa meza za kuchambulia, mwanamke mnene mwenye mikono myembamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamesema umesomea mashine."

"Mashine, na namna ya kupanga kazi ili isipotee."

"Haya. Kaa hapo upange nyanya."

Nilikaa hapo wiki mbili. Mama Kulwa alikulia Urambo akichambua tumbaku ya baba yake, kisha ya mumewe, kisha ya watu. Alikuwa anaokota nyanya, kichwa kimegeukia kwingine, na mkono wake unaitupa kwenye kreti sahihi. Sikuamini. Mchana mmoja nilichukua kreti yake nikaipima nyanya moja moja kwa kipimo cha kipenyo. Moja tu ilikuwa ndogo kuliko daraja lake. Nilipompelekea aliitazama akasema, "Hiyo ya Zawadi." Zawadi, binti aliyekaa naye meza moja, hakubisha.

Baada ya wiki hizo nilichukua chaki. Nilifuata kreti moja ya hoho tangu iliposhushwa mlangoni hadi ilipoingia chumba cha baridi, nikichora njia yake sakafuni. Ilivuka banda mara tatu. Ilipita mbele ya choo. Ilisubiri kando ya mizani kwa sababu mizani ilikuwa mwisho wa banda, na mizani ilikuwa mwisho wa banda kwa sababu ndiko ilikokaa enzi za tumbaku. Niliuliza kwa nini haijahamishwa. Nikaambiwa haijawahi kuhamishwa. Tuliihamisha Jumamosi, watu wanne, kabla ya chai.

Hayo ndiyo niliyoyasomea: tazama kazi inavyotembea, ondoa hatua zisizoongeza kitu, kila kifaa kiwe na mahali pake. Wengine wanaiita Kaizen, na ukitaja jina hilo kwenye semina unapewa soda. Tuligeuza meza, tukaweka ubao ukutani na kuchora umbo la kila kisu na kila spana, ili kikikosekana umbo tupu liseme. Visu viliacha kupotea. Kreti zikaacha kusubiri. Najivunia mambo hayo mpaka leo, ingawa nakiri kwamba yalikuwa mepesi. Meza haina aibu. Ukiisogeza, inakaa.

Ugumu ulikuwa kwenye mashine. Fundi wetu aliitwa Kondo, Mzaramo wa Kisarawe aliyepanda treni kuja Tabora kumtembelea kaka yake na hakurudi. Alikuwa fundi mzuri kabisa. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye beringi na mpini wake sikioni, akakwambia beringi imebakiza siku ngapi. Lakini alikuwa mmoja, na mashine zilikuwa nyingi na kuukuu: mkanda wa kusafirishia, brashi za kuoshea, feni za kukaushia, kompresa ya chumba cha baridi. Mashine ilisimama, Kondo alikimbia, ikawaka, nyingine ikasimama. Nilipochunguza niliona kwamba karibu kila iliyosimama ilikuwa imetoa dalili siku kadhaa kabla. Imepiga kelele, imenuka, imetetemeka. Aliyekuwa amesimama mbele yake alisikia, na hakusema.

Kwa hiyo nilitengeneza kadi nyekundu. Ukiona hitilafu, hata ndogo, chukua kadi, andika, funga kwenye mashine. Fundi akipita anaona. Vitabu vyote vilisema hivyo. Niliwaeleza wafanyakazi kwa dakika ishirini, wakaitikia kwa vichwa, wakapiga makofi. Mwezi ulipita. Nilipata kadi moja tu, na ilifungwa kwenye saa ya ukutani.

Katika mwezi huohuo ilikuja barua. Mnunuzi wetu mkubwa, jiko la mgodi mmoja upande wa kaskazini, alisema mzigo umechelewa mara nyingi mno. Alitupa muda hadi mwisho wa kiangazi. Lori likichelewa au mzigo ukipungua mara moja tena, atachukua mboga kwingine. Meneja alituita ofisini akaisoma mara mbili. Alikuwa Mchaga wa Moshi, mwenye haraka, mtu ambaye hata salamu alizipunguza.

"Bila mgodi, zamu ya pili haipo," alisema. "Na Kondo, nisikilize. Mashine ikisimama tena siku ya lori, utafute kazi."

Zamu ya pili ilikuwa nusu ya wanawake wa banda. Walikuwa wameacha vibarua vya tumbaku Urambo na Kaliua, wakapanga vyumba mjini, wakaandikisha watoto shule. Zawadi alikuwa mmoja wao kuanzia mwezi huo. Habari iliwafikia kabla sijashuka ngazi za ofisi.

Nilimfuata Mama Kulwa, nikakaa karibu naye nikachambua bamia bila kuambiwa. Nikamuuliza kwa nini hakuna anayefunga kadi.

"Ukifunga kadi kwenye mashine ya Zawadi, umemsema Zawadi," alisema.

"Kadi ni ya mashine."

"Mashine inasimamiwa na nani?"

Akaendelea kuchambua.

"Wewe umezaliwa Ipole, baba yako analima tumbaku. Hujawahi kuona kadi ikifungwa kwenye robota?"

Nilikuwa nimeona. Siku ya soko la tumbaku, marobota, yale mafurushi ya tumbaku iliyoshindiliwa, yanapangwa mistari, klasifaya anayetoa madaraja anapita na karatasi zake, kijiji kizima kinatazama. Robota likikataliwa linafungiwa karatasi na linarudishwa pembeni. Nilikuwa darasa la tano siku robota letu liliporudishwa. Baba alikaa juu yake hadi jioni ili karatasi isionekane. Nami, mtoto wa mtu huyo, nilikwenda chuo miaka minne nikarudi kuwaambia wachambuaji wa tumbaku wafungiane karatasi nyekundu. Nilizikusanya kadi zote. Zawadi aliziomba, akawapelekea watoto wa jirani yake wachoree.

Basi mtu atasemaje hitilafu bila kumsema mwenzake? Nilijiuliza swali hilo siku nyingi, na jibu lilikuwa likitangazwa kwa kelele mbele yangu kila asubuhi. Kondo alikuwa akiingia bandani saa kumi na mbili na nusu, anasimama mlangoni.

"Wapagazi wangu mmeamka? Mzigo nani kaubeba?"

"Mzaramo, nyamaza," Mama Kulwa alijibu. "Kwenu mnaamka adhuhuri mnasubiri nazi ianguke. Feni yako ya pili inakohoa tangu juzi kama babu yako alipotuona tunafika pwani."

"Babu yangu alikohoa kwa vumbi lenu."

"Kohoa na wewe, lakini katazame."

Anacheka, anachukua bisibisi, anakwenda kwenye feni ya pili. Na feni ya pili kweli ilikuwa na beringi inayokufa.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee husema utani huo ulianza enzi za misafara, wapagazi wetu walipofika pwani wakapokelewa, wakauguzwa, wengine wakazikwa huko. Sijui. Nilimuuliza mjomba wangu amepata wapi habari hizo, akakasirika wiki nzima. Ninachojua ni kwamba mtani anakutukana na huruhusiwi kununa, anakwambia ukweli mbele za watu na heshima yako inabaki palepale. Chuoni niliandika insha kusema mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba mtu asihesabiwe kwa kabila lake. Nilipata alama nzuri. Bado naamini sehemu kubwa ya insha ile. Lakini daftari langu lilionyesha kwamba taarifa sahihi pekee za hitilafu katika banda lile zilikuwa matusi ya Mama Kulwa kwa Kondo. Nilikuwa na njia ya vitabuni isiyofanya kazi na njia ya kienyeji inayofanya kazi. Mtu anayejisifu kuhoji kila kitu lazima siku moja ahoji insha yake.

Nikawaomba wafanye kazi ileile waliyokuwa wakifanya, ila kwa mpangilio. Robo saa kabla ya kuwasha, Mama Kulwa na Kondo watembee kuanzia mlango wa kushushia hadi chumba cha baridi, wasimame kwenye kila mashine, na Mama Kulwa amtukane kwa kila anachokiona, anachokisikia na anachokinusa. Mimi nyuma yao naandika. Tusi linaingia daftarini kama kazi ya siku. "Mkanda unaburuta mguu kama Mzaramo anayekwenda shamba" likawa: kaza mkanda, kagua rola ya nne.

Meneja alipoona daftari aliuliza, "Hii ni kampuni au ngoma?"

"Nipe hadi mwisho wa kiangazi," nilimwambia. "Muda uleule tuliopewa sisi."

Wasiokuwa na mtani wa kabila tuliwatafutia njia nyingine. Bibi na mjukuu wanataniana, shemeji na shemeji wanataniana. Bibi Mkasi wa kwenye brashi alipewa kijana wa umri wa mjukuu wake, akamwita "mume wangu mvivu", na brashi zikaanza kusafishwa kila siku. Msukuma wa Igunga aliyekuwa akipakia lori naye mtani wake ni Mzaramo vilevile, yaani Kondo tena, na Kondo akalalamika kwamba anatukanwa na nusu ya nchi. Utaratibu ulikuwa mmoja: jibu la tusi ni kushika spana. Na atakayenuna analeta sukari ya chai ya banda zima.

Kiangazi kilisonga. Mashine zilisimama, ndiyo, lakini zilisimama tulipozisimamisha sisi, saa tuliyoichagua, kipuri kikiwa mkononi. Tulijifunza kutia grisi kwa siku zilizopangwa, badala ya kungoja kelele. Lori liliondoka kila mara kabla ya saa kumi jioni. Nilianza kutembea bandani mikono nyuma, mtindo ambao sikuwahi kuupenda kwa watu wengine.

Zilipobaki wiki mbili, asubuhi moja, siku moja kabla ya lori, ukaguzi ulifika kwenye chumba cha baridi. Mama Kulwa aliweka kiganja mlangoni. Akaizunguka kompresa kwa macho, akasikiliza.

"Mzaramo, chumba chako kinatoka jasho kama wewe mbele ya mama mkwe. Na hiki kidude kinatwanga nini humu ndani?"

Kondo hakucheka. "Kiko sawa. Twende."

"Kinatwanga kisamvu?"

"Mama Kulwa, nimesema kiko sawa. Acha kunisumbua."

Tulisimama sote. Kijana wa Bibi Mkasi aliacha kufagia. Kwa miezi yote ile Kondo alikuwa ametukanwa ukoo, chakula, mwendo na masikio, na hakuwahi kukasirika.

Mama Kulwa alishusha sauti. "Umenuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna, mtani wangu. Basi kuna kitu."

Kondo alitazama sakafu, kisha akatoa kifuniko cha kompresa. Puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda wake, ilikuwa na ufa. Ulikuwa umechomelewa, na kando ya weldi ulikuwa umeanza ufa mwingine. Alisema aliuona wiki mbili kabla, akauchomelea siku ya Jumapili peke yake, akaweka tiki kwenye karatasi ya ukaguzi ya kila wiki kwamba puli ni nzima. Kipuri hakikuwepo kabatini. Kukiomba maana yake ilikuwa kumwambia meneja kwamba kompresa itasimama, na meneja alikwishasema mashine ikisimama nini kitatokea.

"Nilitaka ifike mwisho wa kiangazi," alisema. "Wiki mbili tu."

Karatasi ile ya tiki niliibuni mimi. Kila Ijumaa niliipokea, nikaisaini, nikaipachika kwenye faili, na sikuwahi kufungua kifuniko kulinganisha tiki na chuma. Nahoji kila kitu, nilikuwa nikiwaambia watu. Sikuhoji saini yangu.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kwa fahari kuliko vyote. Tulizima kompresa sisi wenyewe, saa moja asubuhi, mlango ukafungwa ili baridi isitoke. Kondo alifungua puli akaikimbiza kwa mchonga vyuma kule karibu na reli, mzee asiyependa kuharakishwa, na akakaa naye ili asiwe na njia ya kuiweka kando. Mama Kulwa alipiga simu kwa wakulima wa bonde la Igombe. Aliwaambia hoho na maharage yasikatwe leo, yakatwe kesho alfajiri yaletwe moja kwa moja. Mmoja alibisha kwamba ameshaanza kukata. "Basi ulichokata uza sokoni leo, na mimi kesho nitapokea kwako kwanza," alimwambia. Nyanya zilizokuwa ndani zilivumilia. Nilizipima joto kila nusu saa nikaandika, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

Saa tisa alasiri Kondo alirudi na puli mpya imefungwa kwenye shati lake. Saa kumi na moja kompresa ilizunguka, na Mama Kulwa akaweka kiganja mlangoni akakiacha hapo muda mrefu. Kesho yake mboga za bonde zilifika na umande, zamu zote mbili zilifanya kazi bega kwa bega, na lori lilitoka saa tisa na robo. Halikuwahi kutoka mapema hivyo.

Meneja alikuwa safarini siku hizo mbili. Aliporudi alisoma daftari. Sikuficha kitu. Aliteremka bandani saa nane mchana, wakati zamu zinabadilishana na watu wote wapo.

"Kondo, ulijua kwa wiki mbili."

"Nilijua, bosi."

"Ukasaini kwamba ni nzima."

"Nilisaini."

"Na mimi nilisaini chini yake," nikasema.

Meneja hakunitazama. Alikuwa anatafuta neno, na sote tulijua neno lenyewe. Zawadi alikuwa amefunga aproni nusu, kamba moja inaning'inia.

Mama Kulwa alijipangusa mikono akasogea. "Meneja, nina la kukwambia. Lakini wewe ni Mchaga, mtani wako Mpare, na humu hatuna Mpare."

Watu wachache walicheka kwa chini.

"Kwa hiyo nitakwambia kama mama yako, bila mzaha. Hiyo ni mbaya zaidi."

"Sema, mama."

"Puli ilipasuka, vyuma hupasuka. Aliyeificha ni Kondo, na amekosa. Lakini ulipomwambia ikisimama atafute kazi, ulimfundisha kuficha. Ukimfukuza leo, kesho nikisikia mashine inagonga, nitaimba wimbo wa kanisani ili usiisikie. Na hawa wote wataimba. Tunajua nyimbo nyingi."

Brashi moja ilikuwa inadondosha maji.

Meneja akamgeukia Kondo.

"Nilichosema ofisini nimekiondoa. Mbele ya hawa. Ukiona ufa, siku hiyohiyo nijue, na mimi natafuta kipuri, sitafuti mtu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

"Na wewe," akaniambia mimi, "hizo karatasi zako za tiki."

"Nimezichana."

"Vizuri." Alianza kuondoka, akasimama mbele ya Mama Kulwa. Kila siku alikuwa akimpita na "mambo vipi" ya haraka, kama anavyowapita wote. Safari hii aliinamisha kichwa kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Kiangazi kilipoisha mgodi uliendelea kuchukua mboga zetu, na unachukua hadi leo. Lakini siku ile hatukuwa na uhakika na lolote. Ilikuwa saa nane na dakika kadhaa, na kreti za bilinganya zinasubiri kwenye meza. Kondo aliwasha mkanda. Zawadi alifunga kamba ya pili ya aproni, akakaa mahali pake, na zamu ya pili ikaanza kazi.